Tanga la dhahabu na ahadi ya "milele"

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watatu wa Bagamoyo. Tuna mwaka mmoja na nusu tunatengeneza gemu ya majahazi: unakuwa nahodha, unapakia mzigo hapa kwetu, unasubiri upepo, unavuka kwenda Unguja na baadaye mpaka Lamu. Sasa pesa imekata. Tunataka kufungua kampeni ya kuchangisha kwenye mtandao wa Kickstarter, lengo dola 15,000, kwa jina la binamu yangu aliyeko Ujerumani. Tunaanza na kompyuta kupitia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, simu zitafuata. Atakayetoa dola 30 kwenda juu tumepanga apewe Tanga la Dhahabu, ambalo linaongeza kasi ya jahazi, na Kisiwa cha Siri ambacho wengine hawatakiona. Instagram tumeshaandika: 'Hivi havitapatikana tena milele.' Mwenzetu mmoja anapinga, anasema tunawafungia mlango watoto wa hapa hapa wasio na kadi ya benki. Mwingine anasema bila kitu cha pekee hakuna atakayetoa hata senti, tena anataka tuvifanye NFT, zile hati za umiliki za kidijitali, ili visiibiwe. Mimi niko katikati yao. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, na poleni na kazi. Mwaka mmoja na nusu wa kutengeneza gemu kwa pesa ya mfukoni si mchezo.

Nikilisoma swali lako naona ni maswali matatu yaliyovaa kanzu moja. Je, kitu cha pekee ndicho kinachofungua pochi za watu? Je, mnaweza kweli kukifanya kibaki cha pekee? Na je, ni haki? Mwenzenu wa kwanza anajibu hilo la tatu, wa pili anajibu la kwanza, la kati hakuna anayeligusa. Mimi la kati ndilo liliniunguza vidole, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kwanza tukubaliane kampeni ya kuchangisha ni kitu gani, maana hapa watu wengi wanateleza. Wewe unaijua tayari, ila kwa jina jingine: mchango wa harusi. Mtu anaandika ahadi, mweka hazina wa kamati anamfuata kwa simu mpaka achoke, akimaliza anapewa kadi, ya singo au ya dabo kulingana na alichotoa. Hakununua pilau. Amewasaidia wenye shughuli, nao wanamwalika. Mvua ikinyesha, ukumbi ukavuja, atanung'unika lakini hadai kurudishiwa kama mtu aliyekula hotelini. Kickstarter wenyewe walilazimika kuandika waziwazi Septemba 2012 kwamba wao si duka, kwa sababu watu walikuwa wanawachukulia hivyo. Na hatari ipo kweli. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipowauliza wachangiaji wa Kickstarter mwaka 2015, aligundua kwamba karibu asilimia 9 ya miradi iliyofikia lengo haikutoa zawadi ilizoahidi. Ucheleweshaji ndio usiseme, huo umekuwa desturi.

Lakini mtu wa harusini ana kitu kimoja asichokisamehe. Amechangia, amenunua sare ya kamati, kitenge kile kile na fundi yule yule, kwa bei iliyomuuma. Wiki ya pili anakwenda sokoni, anakikuta kitenge kile kimetandazwa mezani, nusu bei, kila mtu anajichagulia. Hapo hata kama harusi ilifana, utasikia. Tanga lenu la Dhahabu ni sare, na mmeshawaambia watu kwamba kitambaa hicho hakitaonekana sokoni milele. Nyinyi ndio mtakaokesha pale sokoni kuhakikisha.

Sasa twende ndani ya mashine.

Watu wengi, hata wachezaji wazuri, wanadhani kitu cha pekee kinakaa mahali pake peke yake, kama shanga kwenye kibweta, na mchangiaji ndiye aliyekabidhiwa kibweta. Sivyo. Gemu yenu itakuwa faili moja kwa watu wote. Picha ya tanga la dhahabu, sauti yake likipigwa na upepo, kisiwa kizima na minazi yake, vyote vitakuwa ndani ya kompyuta ya kila aliyenunua, awe amechangia au hakuchangia. Kinachotofautisha ni mstari mmoja wa programu unaouliza: huyu ana haki? Akiwa nayo, onyesha. Akiwa hana, ficha.

Mnaweza kusema mtatoa matoleo mawili, la wachangiaji na la wengine. Msithubutu. Kila mkirekebisha kosa dogo mtarekebisha mara mbili, mtapima mara mbili, na siku mkiongeza kucheza pamoja mtandaoni, kompyuta yangu itatakiwa kulichora tanga lako la dhahabu ingawa mimi sina. Italichoraje kama faili yangu haina picha hiyo? Ndiyo maana karibu kila mtu anaishia kwenye faili moja na mlango mmoja. Na mlango wa kwenye kompyuta hauna kitasa cha kutisha. Kijana mwenye muda ataufungua, ataweka maelekezo mtandaoni, na Kisiwa chenu cha Siri kitakuwa na video ya matembezi kabla hamjamaliza kutuma zawadi.

Ule mstari unajuaje nani ana haki? Kwa Steam njia ya kawaida ni kukifanya kitu chenu bidhaa ndogo inayojitegemea, isiyouzwa, yenye misimbo yake. Msimbo wa Steam kwa kawaida ni mafungu matatu ya herufi na tarakimu tano tano. Mchangiaji anauandika, akaunti yake inawekewa alama, basi. Njia hii ni nzuri kwa sababu kumbukumbu inatunzwa na Steam. Lakini Steam si duka la gemu za simu, wala PlayStation haijui nani alipewa nini Steam. Siku mtakapopeleka gemu kwenye simu, mchangiaji wenu wa Toronto atauliza tanga lake liko wapi, na atakuwa na haki, kwa sababu mlimwambia milele, hamkumwambia milele-kwenye-kompyuta-tu. Mkifika PlayStation kuna jambo jingine: msimbo wake unafuata nchi ambayo akaunti ilifunguliwa. Waulize wenye mabanda ya gemu mtaani kwenu. Duka la PlayStation la Tanzania halipo, kwa hiyo mwenye pedi mkononi Bagamoyo huenda akaunti yake ni ya Marekani au ya Afrika Kusini, na msimbo wa nchi nyingine ukikataa, lawama ni zenu.

Njia nyingine ni kuwa na seva yenu yenye orodha ya barua pepe za wachangiaji, gemu ikifunguka inauliza huko. Ni nzuri mpaka siku mtakayoshindwa kulipia seva. Siku hiyo tanga la dhahabu linageuka kuwa tanga la kawaida kwa wote, pamoja na waliolilipia.

Nikwambie yaliyonikuta. Kuna kipindi niliifanyia kazi studio moja ndogo ya nje nikiwa hapa hapa mjini Tanga, chumba kimoja Chumbageni, modemu na feni. Kampeni yao ilifaulu, nikapewa kazi ya kugawa misimbo. Nilikuwa na jedwali: safu ya barua pepe, safu ya kiasi alichotoa mtu, safu ya misimbo. Saa tano usiku umeme ukakatika, ukarudi, nikafungua tena jedwali, nikaona barua pepe hazikupangwa kwa alfabeti, nikazipanga. Safu ile moja tu. Zile nyingine mbili zikabaki palepale. Nikabonyeza tuma, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi, ndani ya gemu, aliyetoa dola 20 alikuwa amevaa joho la zawadi la waliotoa 100, na baadhi ya waliotoa 100 walikuwa hawana kitu. Hawa wa pili tuliwatengenezea misimbo mipya siku ile ile, wakasema asante. Waliopata wasichostahili tukaamua tuwaachie, maana kumvua mtu nguo uliyomvisha mwenyewe ni aibu kwako. Nilidhani yameisha. Barua iliyonichoma kuliko zote ilitoka kwa mtu ambaye joho lake lilifika salama, rangi ileile, wakati uleule. Yeye hakupungukiwa kitu. Kilichomuuma ni kwamba na jirani analo.

Barua ile ndiyo iliyonifundisha tunachouza tunapouza upekee. Pekee maana yake ni kwamba wengine hawana. Kwa hiyo pesa yake ya dola 30 inanunua sehemu mbili: tanga analopewa yeye, na kutopewa kwa watu wote waliobaki duniani. Sehemu ya kwanza mnaitoa mara moja mkamaliza. Ya pili mtailinda kila siku ya maisha ya gemu, kwenye kila mtambo mtakaohamia, dhidi ya kila kijana mwenye muda, na dhidi yenu wenyewe siku mkiwa na njaa na mtu akija kutaka kununua gemu yenu na vyote vilivyomo. Tena mnaiweka ahadi hiyo leo, wakati ambao mnaijua gemu yenu kidogo kuliko mtakavyoijua siku yoyote inayokuja.

Turudi kwa mwenzenu anayesema bila kitu cha pekee hakuna atakayetoa. Nusu ya neno lake nalikubali. Kampeni nyingi hujaa siku za mwanzo na siku za mwisho, katikati kunakuwa na ukimya wa kutisha, na kitu chenye kikomo kinamsukuma mtu atoe leo badala ya kesho. Sitakudanganya kwamba hakifanyi kazi. Lakini angalia kampeni zilizokumbukwa. Studio ya Double Fine mwaka 2012 waliomba dola 400,000 wakapata zaidi ya milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Walichouza ni kuona gemu ikitengenezwa: kulikuwa na filamu ya kazi nzima, na wachangiaji walikuwa wa kwanza kuitazama. Baadaye filamu ile ikawekwa wazi YouTube, na gemu haikupungukiwa heshima kwa hilo.

Au chukua Shovel Knight, kampeni ya 2013: waliomba dola 75,000 wakapata zaidi ya 311,000. Malengo yao ya ziada yalikuwa kuwafanya maadui wakubwa wa gemu kuwa wahusika wa kuchezwa. Waliwapa wote walioinunua gemu ile ya mwanzo, bila malipo ya ziada, na mchangiaji akabaki na fahari kwamba yeye ndiye aliyewezesha. Ila zingatia gharama yake: gemu ilitoka Juni 2014, na sehemu ya mwisho ya ahadi ikatoka Desemba 2019. Miaka mitano na nusu wakilipa deni la kampeni ya mwezi mmoja. Hollow Knight nao, Novemba 2014, watu wachache wa Australia waliomba dola 35,000 za kwao, wakapata zaidi ya 57,000, wakaahidi mhusika wa pili wa kuchezwa. Mhusika huyo alikua mpaka akawa gemu nzima, Silksong, iliyotoka Septemba 2025, na wachangiaji wale wa 2014 wakapewa bure. Vizuri sana, lakini nyinyi mnaweza kuishi miaka kumi na moja na ahadi moja?

Sasa Tanga la Dhahabu lenyewe. Kuongeza kasi, hapana. Hapa sina mizani ya kupima, nakwambia moja kwa moja: kiondoeni. Gemu yenu, kama nilivyoielewa, ni ya kusubiri upepo. Kusi ikivuma unakwenda kaskazini, kaskazi ikivuma unarudi. Mkimuuzia mtu kasi mnamuuzia njia ya kutokuicheza gemu yenu. Na mkianzisha mashindano ya mbio za majahazi, kila atakayeshindwa atasema alishindwa na dola 30. Ibakini rangi tu. Rangi inang'aa, inaonekana na wenzake baharini, haimwonei mtu.

Kisiwa cha Siri ni jambo zito zaidi, maana hapo mnaficha sehemu ya hadithi. Ushauri wangu: wachangiaji wawahi, wengine wafuate. Siku 90 ni muda wa kutosha mtu kujigamba. Baada ya hapo kisiwa kiwe cha wote bila malipo. Mwenzenu anayewatetea watoto wasio na kadi atakuwa amepata sehemu kubwa ya anachotaka, na nyinyi mtakuwa mmejiondolea ule ulinzi wa milele. Kisiwa kikivujishwa wiki ya kumi, kimevuja kitu ambacho kilikuwa kinakaribia kufunguliwa. Hasara yake ni ndogo.

Na mkitaka kitu cha pekee ambacho hakuna mwizi anayeweza kukiiba, wapeni watu majina. Majahazi ya kweli yameandikwa majina kwenye tezi, kule nyuma, unayasoma yakiwa yameegemea matope pale ufukweni kwenu maji yakitoka. Bahari ya gemu yenu itahitaji majahazi mengine mengi yanayopita. Kila aliyetoa dola 60, kwa mfano, ataje jina la jahazi moja. Kila mchezaji duniani atapishana nalo, na mwenye jina atajua ni lake. Aliyetoa zaidi, jina lake lichongwe kwenye nakshi za mlango mmoja wa mjini. Kitu hiki ni cha pekee kwa mtu mmoja na bado kila mtu anakiona. Undertale, kampeni ya 2013, ilikuwa na mhusika aliyebuniwa na mchangiaji ambaye anaonekana tu kama saa ya kompyuta yako inasoma tarehe 10 Oktoba, saa mbili usiku. Nadra kuliko hivyo ni nini? Na bado hakuna mchezaji aliyefungiwa mlango.

Majina nayo yana miiba, msidhani nimewapa asali tupu. Pillars of Eternity, iliyochangishiwa mwaka 2012, iliwapa baadhi ya wachangiaji nafasi ya kuandika maneno kwenye mawe ya kumbukumbu ndani ya gemu. Ilipotoka 2015 jiwe moja lilikuwa na shairi lililowaudhi watu, ukazuka ugomvi mkubwa, na studio ikaishia kulibadilisha. Pia kulikuwa na wahusika wengi wa wachangiaji, wenye majina ya rangi ya dhahabu, na wachezaji wapya walikuwa wanawasogelea wakidhani ni sehemu ya hadithi, kumbe sivyo. Kwa hiyo wekeni masharti kabla: herufi zisizidi 16, hakuna matusi, siasa, biashara wala jina la mtu mwingine, na nyinyi mna haki ya kukataa na kuomba jingine. Wekeni mtu mmoja wa kuyasoma yote. Mimi ningempa kazi hiyo yule mpinzani wenu, anaonekana ana macho.

NFT nitalipitia haraka. Steam ilipiga marufuku mwezi Oktoba 2021 gemu zinazotoa au kuruhusu kubadilishana vitu hivyo, na nyinyi mnaanzia Steam. Hapo mjadala umekwisha. Hata kama wangeruhusu, kinachoandikwa kule ni risiti ya nani mwenye kitu. Picha ya tanga ingebaki kwenye faili ya kila mtu, na mlango ungebaki ule ule.

Maneno ya kwenye ukurasa, ningeandika hivi: "Rangi ya dhahabu ya tanga ni shukrani kwa waliochangia kampeni hii. Haiongezi kasi wala nguvu, na hatutaiuza. Gemu ikihamia mitambo mingine, tutawapa wachangiaji rangi hii huko pia pale duka la mtambo huo litakaporuhusu. Kisiwa cha Siri kitafunguliwa kwa wachangiaji siku 90 kabla ya wengine, kisha kitakuwa cha wote bila malipo." Hakuna neno milele. Hakuna pia neno ambalo utaliona aibu mwaka wa nne. Na tajeni mtambo kwa jina, Steam kwenye kompyuta. Shenmue III, iliyochangisha zaidi ya dola milioni 6.3 mwaka 2015, ilipotangaza 2019 kwamba kwenye kompyuta itatokea duka la Epic, wachangiaji waliokuwa wanangoja misimbo ya Steam walichachamaa mpaka ikabidi watengenezaji wakubali kurudisha pesa kwa waliotaka. Duka tu, gemu ile ile.

Sasa pesa, maana naona mmehesabu dola 15,000 kama zitafika zote. Kickstarter inachukua asilimia 5. Wapitishaji wa malipo huchukua karibu asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango. Tuseme watu 500 wametoa dola 30 kila mmoja: 750 zimeondoka, 450 zimeondoka, 100 zimeondoka. Mmebaki na 13,700 kabla ya kodi, na kabla ya kadi zitakazokataa. Tena ni zote au hakuna, mkikusanya 14,900 hamchukui hata moja. Afadhali lengo dogo la kweli kuliko kubwa la matumaini.

Binamu wa Ujerumani. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua mradi Kickstarter, kwa hiyo naelewa kwa nini yumo. Lakini jueni hivi: mbele ya wachangiaji, kampeni ni yake. Ahadi ni zake, pesa inaingia kwake, mamlaka ya kodi ya Ujerumani itamuuliza yeye. Asiwe jina tu la kuazima, awe mshirika wa kweli anayetajwa kwenye ukurasa na anayejua kila mlichoahidi. Na Uafrika wenu msiufiche nyuma yake. Kiro'o Games wa Kamerun walichangisha Kickstarter mwaka 2015 kwa gemu yao ya Aurion, wakavuka lengo la euro 40,000, na gemu ikatoka Steam mwaka 2016. Ilikuwa hadithi ya Kiafrika waziwazi, na ndiyo iliyowavuta watu. Mwenzenu anatafuta kitu cha pekee wakati anacho: nani mwingine ana gemu ya kusubiri kusi gatini Bagamoyo?

Kuna mambo ambayo mimi wa mbali siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Makubaliano na binamu yako yaandikwe na wakili, mkae naye ana kwa ana, hata kama mmelelewa nyumba moja. Hasa kwa sababu mmelelewa nyumba moja. Nendeni ofisi ya kodi, TRA, muulize pesa hii ikiingia itahesabiwa vipi, kabla haijaingia. Kama gemu ina muziki wa watu wengine, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuwaeleza haki zake, ingawa mkiwa Bagamoyo sioni kwa nini msiende TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo, mkarekodi ngoma mpya na wanafunzi wa pale, kwa mkataba wenu wenyewe. Na barua pepe za wachangiaji ni taarifa binafsi za watu: tuna sheria yake ya mwaka 2022, na Ulaya wana yao kali zaidi. Mwulizeni wakili huyo huyo nani atashika orodha. Asiwe kila mmoja ana nakala kwenye flashi yake.

Lile tangazo la Instagram lirekebisheni leo, kabla hata ya kumtafuta wakili. Msilifute kimyakimya, kuna mtu ameshalipiga picha. Andikeni chini yake kwamba mmefikiri upya, tanga litakuwa rangi tu na kisiwa kitafunguliwa kwa wote baada ya siku 90, na mseme kwa nini. Kampeni haijafunguliwa, hakuna aliyetoa hata shilingi, kwa hiyo leo kubadili ni bure. Na jedwali la misimbo mkishalitengeneza, lipangeni lote kwa pamoja, safu zote, mchana, umeme ukiwepo.